Dawa ya Mtetemo

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipookota kofia ngumu ya njano kando ya ghorofa lililokuwa likijengwa, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kumpinga, akalizoea. Kofia ilipotea baadaye, jina likabaki.

Asubuhi moja alikuwa amepanda bodaboda, anaelekea mjini kutafuta riziki, maana yake kumtafuta mtu mwenye riziki. Dereva alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Rudia. Juu ya tangi la mafuta, mbele ya Rudia, kulikuwa na kiredio cha memori kadi kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Kwenye lami kiliimba vizuri. Walipoingia barabara ya vumbi, mwimbaji akashikwa na kigugumizi. Alitamka "mpenzi" mara nyingi kuliko wimbo ulivyomtaka, akanyamaza, kisha akarudi mwanzo kabisa kana kwamba hajawahi kuuimba. Kila kilipokata, Rudia alikipiga kofi, nacho kikaamka.

"Kinaumwa?" Injinia akauliza.

"Kizima hiki, bosi. Tatizo barabara."

"Si utumie simu?"

"Simu ndiyo wateja wananipigia. Niifunge hapa itikisike mpaka ife? Mke wangu ataniua kabla njaa haijafika."

Injinia akanyamaza. Waliomjua waliogopa ukimya wake kuliko maneno yake, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya leo tu, lakini ukimya ulikuwa unaandaa ya kesho.

"Kaka, hebu simama hapo pembeni."

Rudia akasimama. Injinia akashuka, akaweka kiganja juu ya tangi, injini ikiwa inanguruma, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka Rudia akaanza kuwa na wasiwasi.

"Si barabara," Injinia akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayewatoa ndugu wa mgonjwa nje ya wodi. "Ni mtetemo. Barabara inatikisa, hilo hata mtoto analijua. Lakini hii injini yenyewe inatetema muda wote, hata ukiwa umesimama. Mtetemo unapanda kwenye tangi, unaingia kwenye redio, unalegeza kila kilichokazwa. Unaanza na kadi. Halafu waya. Mwisho skrubu zenyewe zinafunguka bila bisibisi. Kiredio chako kinakufa polepole, kaka, na wewe unakipiga makofi."

Rudia alikitazama kiredio chake kwa huruma. "Sasa, dawa ipo?"

"Ipo."

Ni dawa gani, Injinia mwenyewe alikuwa bado hajaijua, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Na hapa inabidi isemwe, kwa heshima zote, kwamba maneno yale yote kuhusu mtetemo yalikuwa kweli tupu. Injinia hakuwa na habari. Aliyatoa kichwani mwake, mahali alipotoa kila kitu. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake ndefu kusema ukweli, na ukweli huo, kama itakavyoonekana, ulimtia hasara kubwa.

Kesho yake alifika kijiweni kwa akina Rudia akiwa na mkoba. Kilikuwa kijiwe kama vijiwe vingine: paa la mabati juu ya nguzo nne, benchi refu lililolainishwa na suruali za miaka mingi, na pikipiki zimepangwa mstari kwa zamu. Mkuu wao aliitwa Mwenyekiti tu. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeongea polepole kama anayehofia maneno yatakwisha kabla ya mwezi.

Injinia hakupoteza muda. Aliomba pikipiki moja iwashwe. Akachukua kifuniko cha chupa, akakijaza maji, akakiweka juu ya tangi. Maji yakatetemeka, yakamwagika pembeni. Kisha akatoa kwenye mkoba kipande cheusi cha kitu laini, akakilaza kwenye tangi, akakiweka kifuniko juu yake. Maji yakatulia.

"Ee bwana!" mmoja akasema.

"Hili linaitwa tabaka," Injinia akasema. Lilikuwa kandambili kuukuu ya dada yake, iliyokatwa na kupakwa kiwi. "Lakini kulaza redio juu yake peke yake haitoshi. Inatakiwa ifunguliwe, ivalishwe tabaka ndani, ivalishwe nje, halafu gundi ilale. Mkinipa leo, Ijumaa mnachukua. Na betri mtoe kabisa, mbaki nazo. Betri na gundi hazipatani."

Hilo la betri alilitupia tu, kwa sababu aligundua zamani kwamba watu humwamini zaidi fundi mwenye masharti.

"Bei?" akauliza Rudia.

"Mtalipa mkisharidhika."

Mwenyekiti akakohoa. "Na ikifia mkononi mwako?"

"Nakupa mpya."

"Mpya iliyotumika?"

"Mpya ya kwenye boksi, Mwenyekiti. Mimi ndiyo kazi yangu."

Kijiwe kikawa kimya. Kila dereva alitazama upande wake: mmoja kiatu chake, mwingine mawingu, mwingine tairi la mwenzake. Injinia aliona ukimya ule akaufurahia sana, akidhani ni heshima.

"Sawa," Mwenyekiti akasema. "Ila ndugu yangu, kwako hatupajui. Uache kitu hapa. Kitu cha maana."

Injinia alijua sentensi hiyo ingekuja. Hakujua tu kwamba ingekuja na jibu lake, maana palepale akili yake ilikimbia moja kwa moja mpaka sebuleni kwa dada yake, ikasimama mbele ya sabufa.

Sabufa ile ilikuwa ya shemeji yake, dereva wa lori la masafa. Aliinunua kwa kujinyima safari baada ya safari, na aliifunika kwa vitambaa vya kufuma, kimoja kwa kila spika, na kikubwa kwa lile boksi lenyewe la katikati. Alipokuwa nyumbani aliifuta vumbi kabla ya kunawa uso. Injinia alilala sebule hiyohiyo, kwenye kochi, tangu alipofukuzwa chumba chake. Siku ile ya kwanza shemeji alisita kumpokea. Dada ndiye aliyemaliza maneno. "Mdogo wangu akigusa kitu chako humu ndani," alisema, "sitasubiri uniambie. Nitaondoka mimi."

Injinia alikuwepo, aliyasikia, na kusema kweli yalimgusa. Katika mji mzima dada ndiye mtu pekee ambaye Injinia hakuwahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini shemeji alikuwa safarini, hakutarajiwa mpaka Jumamosi. Dada alikuwa kazini zahanati, kwenye dirisha la mapokezi, tangu asubuhi. Na hesabu ilikuwa tamu mno. Viredio vyote vingeenda kwa Mzee Waya, mnunuzi wa vifaa vilivyotumika upande wa pili wa mji. Palepale dukani kwa Mzee Waya angechukua sabufa inayofanana na ile, angeifunika vitambaa, na kinachobaki ni chake. Dada asingekuwa ameibiwa. Angekuwa amebadilishiwa tu.

Sabufa ikabebwa kwa pikipiki mpaka kijiweni, imeviringwa shuka; vitambaa vyake vilibaki sebuleni, vimefunika maboksi matupu ili dada asigundue. Mwenyekiti aliifunua, akaikagua, akaifunika tena. "Hiki ni kitu cha maana," akasema.

Jioni viredio vikaletwa, na Injinia alishindwa kuamini bahati yake. Kwa hesabu ya haraka aliyoifanya asubuhi, pikipiki chache tu pale zilikuwa na muziki. Sasa watu walikuja na viredio kutoka majumbani, vimefungwa kwenye mashati, vya kaka zao, vya wajomba zao. Madereva wa kijiwe cha jirani nao wakaja, wakajipanga. Mmoja wao, mwenye ndevu za kijivu, alikiweka chake mkobani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Hiki cha marehemu baba. Kizima kabisa."

"Kizima," wenzake wakaitikia.

"Na hiki kizima."

"Kizima hicho! Juzi tu kilikuwa kinaimba."

Injinia aliona kwamba hawa walikuwa watu wenye kupenda vitu vyao, akawaonea huruma kidogo, ile huruma nyepesi isiyozuia kazi. Akaaga na mkoba mzito begani.

Asubuhi iliyofuata alimwaga mkoba juu ya kaunta ya Mzee Waya. Mzee Waya alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa nyaya za shaba, na hakuwahi kuonekana akifurahi wala akikasirika. Akachukua kiredio cha kwanza, akatia betri, akabonyeza. Kimya. Akachukua cha pili. Kimya. Cha tatu kilitoa mlio kama wa mtu anayekanyagwa, kisha kikanyamaza moja kwa moja.

"Labda betri," Injinia akasema.

Mzee Waya akaonyesha betri hiyohiyo ikiwasha tochi. Akashika bisibisi, akafungua cha nne, akakigeuza juu ya karatasi. Skrubu zikadondoka, na kipande cha waya, na vumbi.

"Umetoa wapi hivi?"

"Vya ndugu mbalimbali."

"Ndugu wa bodaboda," Mzee Waya akasema bila kumtazama. "Mtetemo. Unaona hapa? Risasi ya kulehemu waya yote imeachia. Redio ikifungwa kwenye pikipiki haimalizi mwaka, kijana. Kila dereva anayo moja iliyokufa chini ya kitanda, anaitunza."

"Anaitunza ya nini?"

"Anasubiri mjinga."

Akaendelea kufungua, kimoja baada ya kingine, kwa adabu ya daktari anayehesabu waliofika wakiwa wameshakata roho. Kile cha marehemu baba hakikuwa na kitu ndani isipokuwa jiwe bapa lililoviringwa kitambaa.

"Huyu muungwana," Mzee Waya akasema. "Amekumbuka uzito."

Hasira ilimpanda Injinia, na ilikuwa hasira safi, ya mtu aliyeonewa. Aliwaza jinsi watu wale walivyomtazama usoni na kusema "kizima" bila kupepesa macho. Watu wazima, wenye familia. Dunia imeharibika, akawaza. Siku hizi huwezi hata kumwibia mtu ukamwamini.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alirudi kijiweni Ijumaa, mkoba begani, uso umekunjuliwa. Alipokaribia alisikia muziki, mzito, safi, usiokata popote. Sabufa ya shemeji ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa na betri ya gari, chini yake wameweka kipande cha godoro.

"Tumeiwekea tabaka," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Karibu, Injinia."

"Kazi imekamilika. Chukueni viredio vyenu, nipeni sabufa yangu, ya malipo tutaongea siku nyingine."

Wakavipokea. Wakatia betri. Wakabonyeza. Kisha kikatokea kitu ambacho Injinia, kama mtu wa kazi hiyo, alilazimika kukisifu moyoni: nyuso zote zilihuzunika kwa wakati mmoja.

"Changu hakiimbi," akasema Rudia.

"Changu pia."

"Cha marehemu baba!" akalia yule mwenye ndevu, na machozi yakamtoka kweli.

"Vilikuwa vibovu!" Injinia akafoka. "Vyote! Mmeniletea maiti!"

Mwenyekiti akapunguza sauti ya sabufa ili kila mtu asikie vizuri. "Vibovu? Wewe umejuaje, Injinia? Betri tulibaki nazo sisi."

"Nilivipeleka kwa..."

Hapo akasimama. Zipo sentensi ambazo mtu akizianza hawezi kuzimaliza mbele ya watu. Hii ilikuwa na Mzee Waya mwishoni mwake, na kaunta ya Mzee Waya, na swali la alikwenda kufanya nini pale.

"Kwa nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Si kwa mtu."

"Basi vilifia kwako. Na wewe ulisema mpya, ya kwenye boksi. Kila mtu. Ukishaleta, unachukua sabufa yako. Sisi hatuna ugomvi na wewe hata kidogo."

Akaongeza sauti.

Injinia alifika nyumbani akakuta dada ameshatoka kazini. Alikuwa amesimama mbele ya meza tupu, maboksi yameshatupwa sakafuni, bado na koti lake jeupe la zahanati, vitambaa vya kufuma mkononi. Alikuwa amevikunja vizuri, kimoja juu ya kingine.

Injinia alikuwa ametunga njiani hadithi ya wezi watatu na mbwa. Alifungua mdomo aitoe, ikagoma. Badala yake akamweleza dada yote tangu mwanzo, mtetemo, kandambili, Mzee Waya, jiwe bapa, na alipomaliza alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Aliona aibu. Hakuwa na namna nyingine ya kuiita.

"Shemeji yako anaingia kesho," dada akasema. "Siku uliyokuja hapa nilimwambia nini?"

"Kwamba nikigusa kitu chake, utaondoka wewe."

"Kumbe unakumbuka. Mimi nilijifariji kwamba umesahau."

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alitazama chumba, kochi, pazia alilolishona mwenyewe, kama mtu anayepanga nini kitaingia kwenye sanduku na nini kitabaki. Injinia akageuka ukutani, macho yakimwuma.

"Beba huo mkoba," dada akasema. "Twende."

Kijiweni walimpokea kwa heshima, kwa sababu ya lile koti jeupe na kwa sababu nusu yao alishawahi kuwaita dirishani. Rudia akafuta benchi kwa mkono. Dada hakukaa.

"Shikamooni, kwa wanaostahili. Nimeambiwa mdogo wangu kawaharibia vitu."

"Ametuumiza, mama," Mwenyekiti akasema.

"Poleni sana. Nataka nielewe vizuri. Nani alileta kizima?"

Mikono ikapanda, yote.

"Hata kimoja hakikuwa kibovu? Hata cha kuhisi tu?"

"Vizima, mama! Vilikuwa vinaimba!"

"Hata hiki cha jiwe?"

Yule mwenye ndevu akamnyooshea Injinia kidole. "Jiwe kaliweka yeye."

"Sawa. Nawaamini." Dada alikuwa ameketi dirishani miaka mingi akiwasikiliza watu waliofika mwisho wakiapa kwamba walifika wa kwanza, na uso wake haukuonyesha kitu. "Kwa hiyo huyu, kwa siku hizi chache, kaweza kufungua redio zenu zote, kalegeza waya zote, katoa risasi yote, mpaka na jiwe kaweka. Peke yake."

"Ndiyo hivyo."

"Basi huyu ni fundi kwelikweli. Aliyezifungua ndiye anayejua zilikuwaje. Hakuna mwingine mji huu wa kuzirudisha. Nyinyi mnashikilia sabufa ya nini? Sabufa inajua kutengeneza redio? Dhamana yenu ni yeye. Nawaachia huyu, nachukua hii."

Mwenyekiti akaitazama sabufa, kisha akamtazama Injinia. Akisema Injinia hana ufundi, basi nani aliviharibu? Akisema viredio havitengenezeki, basi vilikufa lini? Alizunguka maneno yale upande huu na upande ule akitafuta mlango, na dada akamsubiri bila haraka. Dada aliufahamu uso ule wa Mwenyekiti. Ni wa mtu aliyepigania foleni mpaka akapewa namba ya kwanza, kisha akaambiwa foleni ile ni ya sindano.

"Na akitoroka?" Mwenyekiti akauliza hatimaye.

"Aende wapi? Kwangu halali tena mpaka nisikie hivyo viredio vikiimba. Benchi lenu refu, mtambananisha."

Akafungua vitambaa, akaifunika sabufa kipande kwa kipande, spika, spika, na lile la katikati. Hakuna aliyemzuia. Rudia mwenyewe alichomoa waya za betri, na yule mwenye ndevu akasaidia kubeba. Mwenyekiti, akiwa bado anawaza ni wapi hasa aliteleza, akajikuta ameshawasha pikipiki yake ampeleke mama nyumbani.

Dada akapanda, sabufa mapajani. Akawaomba na kile kipande cha godoro, wakampa.

Injinia alikuwa amekalishwa mwisho wa benchi, mkoba magotini, bisibisi ya mtu mkononi, na watu wamemzunguka kila mmoja akimnyooshea chake. Alijaribu kusimama, wakamkalisha kwa upole.

"Dada!" akaita. "Na mimi je?"

"Wewe uko kazini," dada akajibu, na pikipiki ikaondoka taratibu, ikikwepa kila shimo.

Katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kumwambia Injinia maneno hayo.